Sauti Saba za Baba Yako

Moraa,

Salamu tulipeana asubuhi kanisani, kwa hivyo naziruka. Wewe uko Masimba kumuaga shangazi yako, na nikimjua vile ninavyomjua, hakuachilii kabla hajakulisha mara mbili. Hiyo inanipa saa moja, labda mbili. Nimekaa kitandani, ubao wa kukatia mboga nimeuweka magotini ndio meza yangu, na mlango nimeufunga kwa komeo. Leo ni Sabato, hakuna atakayeniuliza mbona siko kwenye majani chai wala mbona sisahihishi madaftari ya darasa la sita. Baba yako yuko nje kwenye kiti chake, anaota jua lililobaki.

Naandika kwa Kiswahili. Ekegusii tunaongea tu hapa nyumbani, lakini kalamu yangu haijazoea kukiandika. Barua zote nilizoandika maishani mwangu nimeziandika kwa Kiswahili, na kuna ambazo afadhali nisingeziandika. Nitafika huko.

Sitakuambia habari ya koti wala ya kuwa mwangalifu na watu. Hayo umeshaambiwa na kila mwanamke wa kanisa letu, hata wale ambao safari yao ya mbali zaidi ni Kisii mjini siku ya soko. Leo baada ya maombi mmoja alikushika mkono akakueleza theluji ilivyo, na theluji yenyewe ameiona kwenye kalenda. Mimi nina jambo moja tu, na nilikatazwa nisikuambie.

Baba yako hana vidonda vya tumbo. Ni saratani. Iko kwenye koo, kule chini chakula kinakopitia, ndiyo maana unamwona anakunywa uji tu na kusingizia kwamba nyama inamchosha meno. Tulijua wiki ileile visa yako ya kwenda kusoma Ujerumani ilipotoka. Wewe ulikuwa ukirukaruka sebuleni na pasipoti mkononi, sisi tukakupigia makofi, na karatasi ya daktari ilikuwa chini ya godoro hili ninalolikalia. Daktari alisema dawa za kumpunguzia zipo, za kumponya hakuna. Nikamuuliza ni muda gani. Akasema tuhesabu miezi. Mwaka hakuutaja, na mimi sikumuuliza tena.

Kama umesimama, mwanangu, kaa chini. Kaa kwanza.

Utauliza mbona tulinyamaza. Tulikaa watatu, baba yako, baba yako mdogo na mimi, siku ile tulipokutuma Keroka kununua begi. Begi lingeweza kungoja. Tulitaka tu utoke. Baba yako ndiye aliyelisema. "Moraa akijua, hapandi ndege. Na asipopanda sasa, hatapanda tena." Baba yako mdogo akaunga mkono palepale, unamjua, yeye hupenda jambo likishasemwa na mkubwa. Ikaamuliwa uambiwe ukimaliza mwaka wa kwanza. Na kama jambo lenyewe litatokea kabla ya hapo, tutazika kimya, vijana wa ukoo wataonywa mtu asiweke picha mtandaoni, na wewe utaambiwa mtihani ukiwa umekwisha. Walipanga mpaka nani atashika simu yangu siku hiyo ili usiisikie sauti yangu. Kisha wakaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali. Sikusema hata neno moja, mimi ambaye kazi yangu ni maneno.

Hilo ni kosa langu la juzi. Lile la zamani ndilo baya zaidi, na bila hilo hutaelewa kwa nini nimekaa hapa navunja agano la mume wangu akiwa mita chache nje ya dirisha.

Tangu ukiwa mdogo umekuwa ukiniuliza mbona mjomba wako Onchiri anaishi Kisii mjini, karibu hivi, na hafiki kwetu ila kukiwa na matanga. Nilikuwa nakwambia ni mtu wa kazi nyingi. Uongo. Ana kazi kama watu wengine. Hafiki kwa sababu yangu.

Onchiri ni kaka yangu mkubwa, wewe unajua. Alikwenda India kusomea uhasibu nikiwa kidato cha kwanza. Wakati huo kwenda ng'ambo lilikuwa jambo la kijiji kizima. Baba yangu alisafiri mpaka Kisii mjini kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa, kumuuliza kama kule India kuna baridi. Yule mzee akamwambia yeye amezaliwa papa hapa Kisii na India hajawahi kufika. Basi baba akarudi amenuna siku nzima, anasema amenyimwa habari.

Mama yangu hakujua kusoma wala kuandika. Barua za Onchiri zilikuwa zikifika kupitia sanduku la posta la shule, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea mama, na mimi ndiye niliyekuwa nikimjibia. Yeye anamenya ndizi na kusema kwa Ekegusii, mimi nageuza kwa Kiswahili cha shuleni, na chini kabisa naandika, "Ni mimi mama yako." Kwa Onchiri, mwandiko wangu ndio uliokuwa sauti ya mama.

Na yeye alikuwa hodari wa kuandika, si kama nyinyi wa siku hizi mnaotuma kidole gumba. Alitueleza kila kitu. Wanaishi wanne chumba kimoja, vitanda vya kamba. Mama mwenye nyumba hataki kuona nyama jikoni mwake, hata yai hataki. Joto likizidi wanapanda kulala juu ya paa. Anaenda chuoni kwa baiskeli ya kuazima, na amejifunza kusukuma chapati nyembamba mpaka unaona mkono wako upande wa pili. Halafu mipango yake! Akirudi atafungua ofisi Kisii mjini, jina lake juu ya mlango. Atamjengea mama nyumba ya mabati yenye jiko lisilo na moshi, asikohoe tena. Mama alikuwa akinisimamisha hapo. "Rudia hapo pa jiko." Narudia.

Nikiwa kidato cha pili mama akashikwa na malaria. Siku nne tu. Tulimzika upande wa kushoto wa nyumba, wanakozikwa wanawake wa kwetu, na mtoto wake wa kwanza hakuwepo kumtupia udongo. Watu walipotawanyika, baba akaniita. Barua ya mwisho ya Onchiri ilikuwa juu ya kabati, haijajibiwa.

"Mjibu kaka yako," akasema. "Mjibu vile mama yako huwa anajibu."

"Baba, nitaandika nini?"

"Maneno yake wewe unayajua kuliko mtu yeyote. Kijana ana mtihani."

Moraa, niliandika. Nilikuwa na miaka kumi na sita, macho yamevimba, nikaandika kwamba ndizi zimezaa vizuri na ng'ombe amezaa ndama jike. Chini nikaweka, "Ni mimi mama yako." Hakuna kilichobadilika kwenye karatasi. Mwandiko ni uleule, makosa ya tahajia ni yaleyale. Angejuaje?

Ningependa kukuambia kwamba nililazimishwa mpaka mwisho. La. Baba alinisimamia ile ya kwanza, na labda ya pili. Zilizobaki niliandika mwenyewe kwa sababu nilizipenda. Ile saa niliyokuwa nakaa kuandika, mama alikuwa hai. Nilikuwa nafikiria hapa angecheka, hapa angeuliza swali, hapa angemgombeza. Nilimgombeza Onchiri kwa kulala juu ya paa, nikamwambia ataanguka avunjike kiuno, nani atakubali kuolewa naye. Alijibu kwamba alicheka mpaka wenzake wakaamka. Nilijivuna! Nilijivuna, mama yangu akiwa kaburini. Nikaendelea hivyo mwaka mzima na nusu ya mwingine. Mara moja hata nilimwagiza kitu: "Ukija niletee kitambaa cha kijani, cha kwenda nacho kanisani." Mama hakuwahi kupenda kijani. Mimi ndiye niliyekipenda.

Siku aliyorudi, baba alikwenda kumpokea mjini. Tulidhani atamwambia njiani. Hakumwambia. Alishindwa, maskini, akampigia hadithi za mahindi njia yote. Onchiri akaingia uani akipaza sauti, "Mama! Mama yangu! Mgeni wako amefika!" Wanawake waliokuwa jikoni wakainamia vyungu. Akaingia nyumbani, akatoka. Akazunguka nyuma. Kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Alisimama pale, halafu akageuka akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni nani alikuwa ananiandikia?"

Nikainua mkono. Nikainua mkono kama niko darasani, Moraa.

Alifungua begi lake, akatoa kitambaa cha kijani kilichofungwa kwenye gazeti la kule, akaniwekea mikononi. "Basi vaa wewe," akasema. "Ni wewe uliyeagiza."

Hakunipiga, hakunitukana. Angenipiga tungekuwa tumeyamaliza. Ile ofisi hakufungua, aliajiriwa na watu na mpaka leo ameajiriwa. Nyumba ya mabati hakujenga, angemjengea nani? Na miaka mingi baadaye, kwenye matanga ya baba, ndipo aliponiambia kwamba yeye pia alikuwa akituficha. Zile chapati nyembamba zilikuwa nyembamba kwa sababu unga ulikuwa hautoshi. Kuna miezi alikuwa akila mara moja kwa siku, na kwenye barua anatuandikia kwamba amenenepa. Yeye anatudanganya huko, sisi tunamdanganya huku, na barua zinapishana njiani zote zimejaa furaha.

Sasa nikurudishe kwa baba yako.

Jumatatu, ulipokwenda kuwaaga walimu wako, aliniita humu chumbani. Nikamkuta amevaa koti lake la kanisani. Akasema, "Leta simu yako, ile yenye sauti safi." Nikadhani anataka kumpigia mtu mkubwa. Kumbe alitaka kurekodi. Sauti saba, Moraa. Za kukutumia moja moja siku zikifika, yeye awepo asiwepo. Mimi ndiye niliyeshika simu.

Ya kwanza ni ya wiki utakayofika. Anauliza kama umelala vizuri. Ya mwaka mpya akasema huku kwetu kumenyesha, nikamwambia, "Wee, unajuaje kutanyesha?" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kisii hii? Mwaka mpya gani uliwahi kukauka?" Tukairudia kwa sababu ya kikohozi. Ya siku yako ya kuzaliwa aliimba kidogo, vibaya. Mbili ni za mitihani, moja ukifaulu na moja usipofaulu, na ile ya usipofaulu ni nzuri kuliko ile nyingine. Kuna ya siku utakapotuambia umepata mchumba: "Mama, kama ni Mjerumani, mwambie ng'ombe wa mahari sisi tunachagua wenyewe, hatuletewi picha." Unajua anavyokuita mama kwa sababu ulirithi jina la mamake. Kwenye zote saba anakuita mama.

Ya saba ni ya siku utakayohitimu. Hiyo aliirekodi amesimama, ameshika ukingo wa kitanda hiki.

Alipomaliza akakaa, akapumua. Akaniambia, "Hizi zikiisha, utakuwa unamwandikia. Wewe unaweza, Kerubo. Ulishawahi." Hakusema kwa ubaya hata kidogo. Habari za Onchiri nilimsimulia kabla hatujaoana, kwa sababu nilitaka ajue anaoa mtu wa namna gani. Miaka yote hii nilidhani amenielewa. Kumbe alichokikumbuka ni kwamba nilifaulu.

Kesho yake, wakati wa chakula, ukatuchorea maisha yako nyuma ya kalenda. Ulikuwa na furaha, sitaki ujute furaha hiyo. Ukaweka duara la chuo, duara la chumba, mstari wa treni. Asubuhi Kijerumani, mchana masomo ya maabara, na lile jiko la wanafunzi sita ambapo umeapa utapika ugali hata wakikimbia. Jumapili utakuwa ukienda kwenye makao ya wazee kuwaogesha na kuwalisha, kwa sababu umewaandikia mapema kwamba Jumamosi hufanyi kazi na wamekubali. Miaka mitatu ya kusoma, miwili ya kufanya kazi huko, halafu urudi ufungue maabara yako Keroka, karibu na stendi, watu wa huku wasihangaike tena kupeleka damu Kisii. Na pale mlangoni ukachora mtu mdogo kwenye kiti. "Huyu ni baba. Atakuwa anapokea wagonjwa, si anajua kila mtu?"

Baba yako akacheka, akasema ataomba mshahara na likizo. Kisha akatoka, ukadhani ameenda kuangalia ng'ombe. Mimi nilimfuata. Alikuwa ameshika ukuta wa zizi, analia. Aliponiona akanifukuza kwa mkono.

Hapo moyo ulinifa. Niliona jinsi itakavyokuwa. Utaamka gizani kwenye ile baridi, utapanda treni yako, utasoma kwa lugha ya watu mpaka kichwa kikuume, Jumapili utainua wazee wa watu mpaka mgongo ukatike, na ukichoka utajiambia ni kwa ajili ya ule mlango wa Keroka, na baba ameketi pale. Na sisi huku tutakuwa tunakutumia sauti. Utajibu, "Asante baba, jipumzishe," na hakuna wa kusikia ila mimi na hii simu.

Alhamisi nilimpigia Onchiri. Sikumbuki mara ya mwisho nilipompigia pasipo kuwa na maiti. Nikamwambia yote, ugonjwa, mkutano, zile sauti saba.

"Unajua kilichoniuma si kwamba alikufa," akasema. "Watu hufa. Ni kwamba nilikuwa nacheka. Nilikuwa nawasomea wenzangu barua zako, nawaambia sikieni mama yangu anavyonigombeza, na tunacheka wote. Mwaka mzima na nusu, Kerubo."

Nikamwambia, "Onchiri, nisamehe."

Akasema, "Usimfanyie huyo mtoto." Akakata simu.

Hakunisamehe, na sina cha kumdai. Lakini tangu Alhamisi sijala vizuri, na baba yako ananiuliza mimi kama niko mgonjwa. Fikiria.

Nimechoka, mwanangu. Nimechoka miguu, nimechoka kufundisha watoto sitini kwenye darasa la thelathini, nimechoka kupika uji na kuuita kiamsha kinywa, chakula cha mchana na cha jioni. Lakini zaidi nimechoka kuwa mtu wa maneno mazuri. Kila mahali ndiyo kazi ninayopewa. Kukiwa na harusi, Kerubo atasoma risala. Kukiwa na mazishi, Kerubo ataandika wasifu wa marehemu, na marehemu mwenyewe anajulikana alikuwa mtu gani. Baba yangu alinipa kazi hiyo, sasa mume wangu ananipa tena, na wote wawili ni watu wema waliowapenda watoto wao. Hilo ndilo linalonichosha kabisa. Wangekuwa wabaya ningewakatalia mapema.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango wa kuichomeka katikati ya nguo zako, uikute huko ukifungua begi. Nimefika hapa nikaona hiyo nayo ni hila ileile. Utakuwa umeshapanda, baba yako amepata alichotaka, mimi nimetua mzigo wangu, na wewe uko peke yako kwenye chumba kigeni umeshika karatasi. Kwa hivyo haiingii kwenye begi. Nakupa leo, gari la Nairobi likiwa bado halijaja.

Sikuambii ubaki. Ukitaka kujua ninachotaka mimi, nataka uende. Nataka sana. Umeifanyia kazi safari hii miaka miwili, na ule mlango wa Keroka nataka kuuona kwa macho yangu hata kama kiti kitakuwa kitupu. Lakini nenda ukijua. Mipango yako yote ni yako, ipange upya ukijua nani atakuwepo na nani hatakuwepo. Na ukiamua kubaki, hata kwa miezi michache, nitasimama mbele ya baba yako mdogo na ukoo wote niseme ni mimi niliyevunja agano, wanitazame mimi. Huko chuoni tutawaandikia tuwaulize kama nafasi inaweza kungoja. Sijui watajibu nini. Sitajifanya najua.

Ukienda, jambo likitokea nitakupigia siku hiyohiyo, hata kama uko katikati ya mtihani. Nitakupigia mimi mwenyewe, na utaijua sauti yangu kabla sijasema lolote. Pengine hutaweza kuja kuzika. Lakini utajua saa tunayomzika, na utasimama popote ulipo, na hakuna atakayekukuta unacheka siku hiyo.

Nawe usiniandikie kwamba umenenepa kama hujala. Ukishindwa na masomo, niambie umeshindwa. Ukiwa unalia chooni kazini, niambie unalia chooni. Sitakuwa na la kufanya, nitakaa tu hapa na simu sikioni, lakini nitakuwa nimekaa na mtoto wangu, si na barua.

Pikipiki imekuacha pale barabarani, nimeisikia. Baba yako ameshakuita, sauti imekwaruza. Natoka kukupa hii mkononi. Isome jikoni, chukua muda wako wote, mimi nitamshikilia kwa chai. Zile sauti sita nitakutumia sasa hivi zote, ni zako, zisikilize siku utakayotaka, ukijua alizirekodi lini na kwa nini. Ya saba sikutumii. Nenda ukae karibu naye, umwambie unajua. Atanikasirikia. Acha anikasirikie, bado ana nguvu za kukasirika. Kisha mwambie ile ya saba akuambie mwenyewe, leo, akikuangalia. Sauti bado anayo.

Ni mimi mama yako, kwa mkono wangu na kwa jina langu,

Kerubo